Muulize Mfamasia: Sindano moja inakaaje mwilini mwezi mzima?

Safari hii maswali yenu yamejikusanya sehemu moja, zile sindano ambazo mtu anachomwa leo anaambiwa arudi baada ya wiki mbili, mwezi au miezi mitatu. Nimefurahi sana kuyapata kwa sababu hizi dawa wagonjwa wengi wanachomwa bila kuelezwa kinachoendelea ndani, na usipoelewa kinachoendelea ni rahisi kufanya kosa ambalo huwezi kulirudisha nyuma. Nimechukua machache nimeyajibu kwa urefu tofauti tofauti kulingana na uzito wake.

Baba yangu ana miaka 71, ana saratani ya tezi dume. Alianza na leuprorelini ya kila mwezi, miligramu 7.5, na wiki ile ya kwanza maumivu ya mgongo yalizidi mpaka tukaogopa. Sasa hivi daktari kamhamishia ya miezi mitatu, miligramu 22.5. Hiyo si dozi kubwa mno kwa mzee? Na dawa inakaaje mwilini miezi mitatu bila kuisha? – Mtoto wa mwisho

Pole sana, na mpe mzee pole zangu. Tuanze na hesabu maana ndo inayokutisha. 7.5 ukigawa kwa siku 30 unapata robo miligramu kwa siku, na 22.5 ukigawa kwa siku 90 unapata robo miligramu ile ile, kwahiyo mwili wa baba unapokea kiasi kile kile kila siku, kilichoongezeka ni akiba tu. Dawa hiyohiyo zamani ilikuwa inachomwa kila siku, miligramu moja chini ya ngozi, kila siku ya Mungu, mpaka 1989 Marekani ilipoidhinisha hii ya mwezi. Fikiria mzee wa miaka 71 kuchomwa sindano 30 kwa mwezi alafu leo anachomwa moja.

Sasa inakaaje? Ule unga mweupe unaochanganywa na maji yake kabla ya kuchoma sio dawa tupu. Ni vipunje vya mviringo, wataalamu wanaviita mikrosfia, vimetengenezwa kwa polima, yaani minyororo mirefu ya vitu vidogo vilivyoungana, na dawa imenasa humo ndani. Ni vidogo sana, vingi vya aina hii vina kipenyo kati ya mikromita 10 na 100, na unywele wa kichwani unene wake ni kama mikromita 70 hivi, kwahiyo vinapita kwenye sindano bila shida. Kwenye ile ya mwezi ya miligramu 7.5 polima peke yake ina miligramu 66.2, yaani karibu mara tisa ya dawa yenyewe. Dawa ndo abiria, polima ndo gari.

Vikishaingia kwenye msuli vinakaa palepale, haviendi popote. Maji ya mwili yanapenya ndani na kuanza kukata minyororo ya polima kidogo kidogo. Wengi wanadhani kipunje kinapungua kutokea nje kama sabuni inavyoisha, hapana, hiki kinafanana zaidi na gogo lililoingiwa na mchwa, kwa nje linaonekana zima kumbe ndani kumeshatobokatoboka, na kwenye hivyo vitobo ndimo dawa inapitia kutoka. Ile ya miezi mitatu wametumia polima nyingine inayokatika taratibu zaidi, ndo maana usije ukakubali mtu akwambie tuchukue ya miezi mitatu tumchome theluthi moja itakuwa sawa na ya mwezi. Haitakuwa sawa. Itatoa dawa kidogo mno kwa muda mrefu na saratani haitadhibitiwa.

Kuhusu yale maumivu ya wiki ya kwanza, hayo hayakuletwa na vipunje, ni tabia ya dawa yenyewe. Leuprorelini inapoanza inaichochea tezi ya ubongoni kabla ya kuichosha, kwahiyo homoni ya kiume inapanda kwanza kwa wiki moja au mbili alafu ndo inashuka chini kabisa, kwa kawaida ndani ya wiki mbili hadi nne. Huko kupanda kunaweza kuzidisha maumivu ya mifupa na pia kuzuia mkojo. Madaktari wengi huwa wanatanguliza vidonge vya kuzuia homoni hiyo kwa muda ili kipindi hicho kipite salama. Kwa baba hatua hiyo ilishapita na kuhamia ya miezi mitatu hakuirudishi mradi tarehe haijaruka, lakini naandika kwa ajili ya wengine wanaosoma: mgonjwa akianza sindano hii alafu miguu ikalegea au ikafa ganzi, au mkojo ukagoma kutoka, hapo usisubiri kliniki ya wiki ijayo, mpeleke hospitali siku ileile.

Nimesoma kwamba polima ni plastiki. Kila siku tunaambiwa chembe za plastiki zina madhara, leo mnatuchoma hizohizo kwenye misuli? – Mama mwenye wasiwasi

Mama, swali lako ni la haki kabisa na sikulaumu. Polima maana yake ni mnyororo mrefu tu wa vitu vidogo vilivyoungana, wanga ni polima, protini ni polima, na mfuko wa nailoni pia ni polima. Tofauti iko kwenye kiungo kati ya pete na pete. Mfuko wa nailoni una viungo ambavyo mwili wako hauwezi kuvikata hata ukikaa navyo miaka mia. Polima inayotumika sana kwenye hizi sindano inaitwa PLGA, na viungo vyake vinakatwa na maji matupu.

Na ikishakatika inabaki nini? Asidi ya laktiki na asidi ya glikoliki. Ya kwanza misuli yako inaitengeneza yenyewe kila ukikimbia au ukibeba kitu kizito. Zote mbili mwili unajua pa kuzipeleka, zinaingia kwenye mzunguko uleule wa kutengeneza nguvu na mwisho zinatoka kama hewa ya ukaa na maji. Zaidi ya hapo, jamii hiihii ya polima ilianza kutumika kwenye nyuzi za kushonea vidonda, zile zinazoyeyuka zenyewe bila kutolewa, tangu miaka ya 1970. Mtu yeyote aliyewahi kushonwa nyuzi za namna hiyo kuna uwezekano mkubwa alishabeba kitu cha ukoo huu mwilini na kikaisha kikaondoka.

Sisemi hakuna usumbufu wowote. Pale pa sindano panaweza kuuma, kuwa pagumu au kuvimba kidogo kwa sababu chembe za kinga zinakuja kuangalia ni mgeni gani huyu. Mara nyingi inapita. Ila kama uvimbe unazidi kukua, panakuwa peusi au panatoa maji, hapo nenda ukaonwe.

Mimi mwanafunzi wa famasia. Darasani tumeambiwa "kuna mlipuko wa mwanzo" alafu mwalimu akapita. Hivi vipunje vinatengenezwaje na huo mlipuko unatokana na nini? – Mwaka wa pili

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote ya leo, niruhusu nikae nalo kidogo.

Njia ya msingi ni hii. Unayeyusha polima kwenye kimiminika kinachoruka haraka, mara nyingi dikloromethani, unaweka dawa humo, alafu unamimina mchanganyiko huo ndani ya maji yenye polivinili alkoholi huku unakoroga kwa kasi. Kwa kuwa dikloromethani haipatani na maji, inajikata matone matone kama mafuta yanavyofanya, na ile polivinili alkoholi inayavalisha yale matone koti ili yasirudi kuungana. Unaendelea kukoroga, dikloromethani inatoka taratibu inaruka, na kila tone linakauka na kuwa kipunje kigumu chenye dawa ndani. Unachuja, unaosha, unakausha kwa baridi. Ukikoroga kwa kasi zaidi unapata vipunje vidogo, ukipunguza kasi vinakuwa vikubwa. Kwa maandishi ni kama jambo la jikoni lakini kiwandani kasi, joto na muda vikiyumba kidogo tu unapata kundi zima la vipunje lenye tabia nyingine, na hapo ndo ugumu wa hii kazi ulipo.

Sasa kama dawa yako inapenda maji, mfano homoni nyingi za peptidi (vipande vifupi vya jamii ya protini), ukifanya hivyo inakukimbia yote inaingia kwenye maji ya nje unabaki na polima tupu. Kwahiyo wanafanya mara mbili: kwanza wanatengeneza vitone vya maji yenye dawa ndani ya ule mchanganyiko wa polima, alafu mchanganyiko wote ndo unamwagwa kwenye maji ya nje. Tone ndani ya tone.

Mlipuko wa mwanzo unatoka hapahapa. Wakati kipunje kinakauka sio dawa yote inabaki katikati, nyingine inavutwa na maji yanayotoka na kuishia juu ya ngozi ya kipunje au kwenye vishimo vilivyo wazi. Hiyo haina cha kuizuia, kipunje kikigusa maji ya mwili tu inatoka yote, saa za kwanza mpaka siku ya kwanza. Baada ya hapo kunakuwa na utulivu, dawa inatoka polepole kupitia vitobo, alafu polima ikishakatika vya kutosha mmomonyoko unaanza na dawa inatoka kwa wingi tena mpaka iishe. Sio kila bidhaa inafuata hatua zote hizi, ila ukiona mchoro wenye mlima mdogo, tambarare, alafu mlima mkubwa, sasa unajua kila sehemu inasema nini.

Na muda wa kukatika unauchagua wewe mtengenezaji, hapo ndo uzuri. PLGA yenye laktiki nusu na glikoliki nusu ndo inayoisha haraka, kama mwezi mmoja hadi miwili. Ukipandisha laktiki ifike 75 kwa 25, inakwenda miezi minne mitano. Ukitumia laktiki tupu inaweza kuvuka mwaka. Sababu ni kwamba laktiki ina kitawi cha methili kinachosukuma maji mbali, na bila maji hakuna kukatika. Alafu kuna jambo moja mwalimu wako huenda atalitaja baadaye: zile asidi zinazozalishwa zinakwama katikati ya kipunje, zinaongeza uchachu, na uchachu unaongeza kasi ya kukatika, kwahiyo kipunje kikubwa kinaweza kuoza katikati haraka kuliko pembeni. Umeona ule mfano wa mchwa niliompa mwenzako hapo juu, haukuwa wa kupamba.

Dada yangu ana skizofrenia, kachomwa sindano ya risperidoni ya kila wiki mbili. Tulifurahi tukaacha vidonge siku ileile. Wiki ya pili sauti zimerudi na amekuwa mkali. Sindano imeshindwa? – Kaka mkubwa

Kaka, sindano haijashindwa, haijaanza kazi. Hii inauma kuisema kwa sababu najua mlifanya kwa nia njema na pengine hakuna aliyewakalisha chini kuwaeleza.

Risperidoni ya vipunje ya kila wiki mbili imetengenezwa ili mlipuko wa mwanzo usiwepo kabisa, dawa inayotoka mwanzoni haifiki asilimia moja. Alafu kwa karibu wiki tatu nzima kunakuwa kimya, polima inanyonya maji na kukatika kimyakimya, na dawa yenyewe inaanza kutoka kwa nguvu kuanzia wiki ya tatu, inashika wiki ya nne hadi ya sita, inaisha kwenye ya saba. Kwahiyo wiki tatu za mwanzo mgonjwa anategemea vidonge peke yake, mkivikata siku ya sindano mnakuwa mmemwacha bila dawa. Wasilianeni na daktari wake leo, sio siku ya miadi, mweleze hasa vidonge viliachwa lini, yeye ndo atasema virudi kwa dozi gani. Na akiwa anatishia kujidhuru au kudhuru mtu mwingine, hiyo ni dharura.

Jua pia kwamba upande wa pili mambo ni hayohayo: mkiruka sindano leo hamtaona kitu wiki hii, mtaona wiki kadhaa mbele, na familia nyingi zinadanganyika hapo, wanasema mbona karuka na yuko sawa tu. Zipo sindano nyingine za risperidoni zenye muundo tofauti na muda tofauti wa kusubiri, kwahiyo msichukue hesabu hii mkaipeleka kwa mgonjwa mwingine bila kuangalia jina la bidhaa yake.

Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu na ile ya kila miezi miwili ya HIV nazo ni vipunje vya polima? Na vijiti je? – Msomaji

Hapana, zote tatu hapana. Ya miezi mitatu ni fuwele ndogo za homoni ambazo haziyeyuki kirahisi kwenye maji, na kabotegraviri ya HIV ni wazo hilohilo ila fuwele zake ni ndogo zaidi, kinachochelewesha ni ugumu wa dawa yenyewe kuyeyuka, hakuna polima iliyoifunga. Vijiti vina polima kweli lakini ni ya aina isiyokatika mwilini, ndo maana muda ukiisha lazima vitolewe. Vipunje vya PLGA havitolewi kwa sababu hakuna cha kutoa.

Nesi mwenzetu anasema hata maji ya kawaida ya sindano yanafaa kuchanganyia, na sindano nyembamba inamuumiza mgonjwa kidogo. Sahihi? – Wa wodini

Sio sahihi, na nakuomba umwambie kwa upole lakini umwambie. Maji yanayokuja kwenye boksi yamewekewa kitu cha kuyafanya mazito kidogo ili vipunje vielee, kwenye maji matupu vinazama chini vyote, unavuta maji mgonjwa anapata nusu dozi na vingine vinabaki kwenye chupa. Sindano nyembamba inaziba katikati ya kazi, ukiisukuma kwa nguvu ndo kabisa, na dawa ya mwezi mzima imepotea. Tumia sindano iliyokuja na boksi, tikisa kama maelekezo yanavyosema, choma mara moja, na ukikaa nayo hata dakika chache tikisa tena. Alafu vuta kidogo uangalie damu kabla ya kusukuma, hizi ni chembe ngumu, zikiingia kwenye mshipa zinaweza kuziba mishipa midogo mbele ya safari. Joto nalo liangalie: polima hizi zinalainika karibu na nyuzi 45 hadi 50 za selisiasi na zikigandana hazirudi, kwahiyo boksi lililoachwa kwenye gari juani usilitumie kwa kubahatisha, muulize mfamasia.

Kwanini chanjo za dozi mbili tatu zisiwekwe kwenye vipunje tukachomwa mara moja? – Baba wa mapacha

Wazo hilo linafukuziwa miaka mingi na mimi ningetamani sana lifike. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani Robert Langer na Judah Folkman walionyesha kwamba polima inaweza kuachia molekuli kubwa kama protini taratibu kwa muda mrefu, jambo ambalo wengi waliona haliwezekani, na tangu hapo watu wamekuwa wakijaribu. Kikwazo ni protini yenyewe. Inakutana na dikloromethani, na kukorogwa, na kukaushwa, alafu inakaa wiki kadhaa kwenye nyuzi 37 ndani ya uchachu ule niliomweleza mwanafunzi, na protini ikishapoteza umbo lake haifanyi kazi tena. Homoni ya ukuaji ya vipunje iliwahi kuidhinishwa Marekani 1999, ikaokoa watoto na sindano za kila siku, lakini kuitengeneza kulihitaji rasilimali nyingi mno ikaondolewa sokoni 2004. Mwaka 2017 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walitengeneza vikombe vidogo sana vya PLGA vyenye kifuniko, kila kimoja kinafunguka kwa wakati wake, na wakavijaribu kwa panya. Hilo ndo tumaini ninaloliangalia kwa karibu.

Nilichomwa naltreksoni ya mwezi ili niache pombe. Siku ya nne kichefuchefu kimenizidi. Inaweza kutolewa? – Ninayejitahidi

Hongera kwa hatua uliyochukua, na pole. Jibu la kweli ni kwamba haitolewi, vipunje vimetawanyika kwenye msuli na maji yakimwagika hayazoleki. Lakini kichefuchefu cha dawa hii mara nyingi kinakuja mwanzoni na kupungua ndani ya siku chache, na kipo kitu cha kukutuliza, mpigie daktari umwambie hivyohivyo ulivyoniandikia. Ukiona macho au mkojo umebadilika rangi kuwa njano nzito au unaumwa tumbo upande wa kulia juu, nenda mara moja.

Kuna jambo hukuuliza lakini siwezi kukuacha bila kulisema. Mwezi huu wote dawa za maumivu za jamii ya mofini hazitafanya kazi kwako inavyotakiwa, kwahiyo ukipata ajali au ukihitaji upasuaji wa dharura anayekutibu lazima ajue, kuna njia nyingine za kukuondolea maumivu ila zinahitaji ajipange. Usikubali wala usijaribu kutumia dozi kubwa ya mofini au jamaa zake kuishinda sindano, watu wamekufa hivyo. Chukua kikaratasi uandike jina la dawa, dozi yake miligramu 380 na tarehe uliyochomwa, kiweke pamoja na kitambulisho chako, na mtu mmoja unayeishi naye ajue kipo hapo.